Tupeane uzoefu: Majilio uliyoyaishi kweli hapa Dar, ulifanya nini?

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Majilio, majuma yale ya kujiandaa kwa Noeli, yanakaribia, nimeona tuzungumze mapema. Hapa Dar ikishafika mwisho wa Novemba, Kariakoo hakupitiki, watu wanahangaikia tiketi za Moshi na Bukoba, kazini kuna michango ya kufunga mwaka, na nyimbo za Noeli zinapigwa madukani kabla hata Dominika (Jumapili) ya kwanza ya Majilio haijafika. Muda wenyewe ni mfupi. Kipindi kinaanza Dominika iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mt. Andrea, 30 Novemba, kwa hiyo kinaweza kuwa na siku 28 au kikapungua hadi 22. Mwaka 2023 Dominika ya nne iliangukia tarehe 24 Desemba yenyewe: asubuhi padre kavaa zambarau ya Majilio, jioni kavaa nyeupe ya Noeli. Aliyengoja wiki ya nne ndipo ajiandae, hakuipata.

Mt. Bernardo alifundisha kwamba ujio wa Bwana ni wa namna tatu: alikuja katika mwili, atakuja kwa utukufu mwisho wa nyakati, na hapo katikati anakuja mioyoni mwetu bila kuonekana. Huo wa katikati ndio ninaouulizia. Mahubiri tutayapata kanisani. Naomba mtu aeleze jambo alilolifanya, alilifanyaje, na lilimwacha vipi. Imani yangu ni kwamba moyo unaandaliwa kwa kitendo kilichopangiwa tarehe.

Mama wa Tabata

Milele na milele, amina.

Yangu ni ya kaka yangu. Tulikosana baada ya mama kufariki, sababu kiwanja cha Chanika. Tukawa tunaonana misibani tu, na kwenye grupu la ukoo kila mmoja anamjibu mwenzake kupitia kwa shangazi. Kwenye mafungo ya Majilio (siku za sala na tafakari) parokiani padre alitusomea Isaya sura ya 40, kila bonde litainuliwa na kila mlima utashushwa, halafu akatutaka kila mtu alitaje bonde lake kimoyomoyo. La kwangu nililijua papo hapo.

Nikaungama wiki hiyohiyo. Padre hakunipa sala nyingi. Alinielekeza Mathayo sura ya 5, pale Bwana anaposema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Nikachagua tarehe 9 Desemba kwa kuwa ni sikukuu ya Uhuru, kaka haendi kazini, nitamkuta.

Wifi ndiye aliyenifungulia geti. Kaka alikuwa amechuchumaa kwenye pampu ya maji, mikono imejaa grisi. "Shikamoo kaka." Akakaa kidogo. "Marahaba. Umekuja na usafiri gani?" Nikamwambia daladala, halafu bodaboda. Akamwita mwanawe, "Mletee shangazi yako kiti." Basi, nikakaa pale nampa spana moja baada ya nyingine mpaka pampu ikavuta maji. Kiwanja hatukukitaja hadi wakati wa chai, na hata tulipokitaja hatukumaliza, mpaka leo wazee wa ukoo wanalishughulikia. Lakini Noeli ile nilipokea Ekaristi nikiwa mwepesi, na siku hizi kaka ananipigia simu mwenyewe.

Mfanyabiashara, Kariakoo

Mama wa Tabata, Mungu akubariki sana.

Mimi nauza nguo za watoto. Anayeijua Kariakoo anajua Desemba bei zinapanda kila wiki, gauni lilelile. Dominika ya tatu ya Majilio mwaka 2024 ilisomwa Luka sura ya 3. Watu wanamwuliza Yohane Mbatizaji, "Tufanye nini basi?" Anawaambia mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Watoza ushuru nao wakauliza, akawaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wakaambiwa wasidhulumu mtu, watosheke na mshahara wao. Kila mmoja alijibiwa kwenye kazi yake, hakuna aliyeambiwa aiache. Nikawa najiuliza pale kwenye benchi, muuza nguo angeambiwa nini?

Jumatatu nikaandika bei za Novemba kwenye karatasi, nikabandika ukutani, nikamwambia kijana wangu wa dukani hizi ndizo mpaka mkesha wa Noeli. Faida ilipungua, sitadanganya, na majirani wa fremu walininunia. Ila alikuja mama mmoja na watoto watatu, pesa kaifunga kwenye kanga, anauliza bei ya kila kitu akihesabu kwa vidole. Akatoka na nguo za wote watatu, na wala sikumpunguzia hata shilingi. Bei ilikuwa ya haki tu. Siku ile nilielewa kwamba duka langu nalo ni mahali pa kumpokea Bwana.

Mwanzisha mada

Kaka wa Kariakoo, hili limenigusa mno. Dominika hiyo ya tatu ndiyo Gaudete, Dominika ya furaha, padre anaweza kuvaa rangi ya waridi. Somo la pili siku uliyoitaja ni Paulo kwa Wafilipi: furahini katika Bwana siku zote, upole wenu na ujulikane na watu wote. Upole ukibandikwa ukutani dukani, watu wanaujua.

Baba wa Mbagala

Kwetu ni shada la Majilio. Tunakata matawi ya mvinje, tunayazungushia kwenye sinia, mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Wa waridi ukikosekana tunafunga utepe. Kila Jumapili jioni mtoto mmoja anawasha, mwingine anasoma Injili ya siku, televisheni imezimwa. Ni dakika chache, lakini wanangu wameanza kuniuliza maswali ya imani ambayo zamani hawakuniuliza.

Mwanakwaya, Kigogo

Sisi mazoezi ya Noeli yanaanza Oktoba, kwa hiyo ni rahisi mwanakwaya kufika Desemba sauti iko tayari na roho bado. Mwalimu wetu aliweka utaratibu: hakuna kufungua daftari kabla Injili ya Dominika inayokuja haijasomwa na mtu mmoja kusema neno lililomgusa. Na kinanda Majilio kinapigwa kwa kiasi, na ule wimbo wa Misa wa "Utukufu" hauimbwi Dominika za Majilio. Zamani ukimya ule niliuona kama pengo. Sasa nauhitaji, maana "Utukufu" wa usiku wa Noeli ukianza, najua nimeusubiri.

Muuguzi, zamu za usiku

Shikamooni wakubwa. Nasoma nikiwa kwenye mwendokasi narudi nyumbani. Jumuiya yetu inasali Jumamosi alfajiri, na saa hiyo mimi nakabidhi wodi. Mafungo ni jioni, nimeshaingia kazini. Mtu wa zamu anajiandaaje?

Mzee wa Kimara

Marahaba binti yangu. Kuanzia tarehe 17 hadi 23 Desemba Kanisa lina antifona saba, yaani viitikio vifupi, kwenye Masifu ya Jioni (sala ya Kanisa ya jioni), kila siku moja, zote zinamwita Bwana kwa "Ee": Ee Hekima, inaishia Ee Emanueli. Ni sentensi chache, unaweza kuisali kabla hujavaa sare. Ile ya tarehe 21 inamwomba aje awaangaze wanaokaa gizani na katika uvuli wa mauti. Wewe unafanya kazi katikati ya watu hao, isali kwa ajili yao kitanda kwa kitanda.

Kitubio usingoje foleni ya mkesha. Siku unayotoka zamu, wahi Misa ya asubuhi, kisha mwombe padre akusikilize, hawezi kukukatalia. Na mwenyekiti wenu wa jumuiya mpe siku zako za mapumziko. Kwetu kuna dada anafanya kazi kama yako, tulihamishia sala ya wiki moja nyumbani kwake saa kumi jioni, na watu walikuja wengi kuliko alfajiri.