Wasifu wa mwombaji una uzito gani tunapoajiri fundi wa majokofu na viyoyozi?

Mwenye Karakana (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninaendesha karakana ndogo ya majokofu na viyoyozi hapa Dar es Salaam, tuko mafundi sita pamoja nami, na wiki iliyopita nilitangaza nafasi moja ya fundi wa vyumba vya baridi. Hadi jana jioni nilikuwa nimepokea wasifu 41. Nimezisoma zote, usiku wa pili huu, na nakiri kwamba sijui nifanye nini nazo, kwa sababu waombaji 17 wameandika sentensi ile ile, neno kwa neno, kwamba wao ni wachapakazi wanaoweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo na kwa shinikizo kubwa.

Naomba nieleze kwa nini jambo hili linaninyima usingizi. Mwaka juzi nilimwajiri kijana aliyeleta wasifu wa kurasa nne, umepangwa vizuri, una vyeti vitatu na orodha ya kampuni tano alizopitia. Nilimpeleka kwa mteja wetu mwenye chumba cha kuhifadhia samaki abadilishe kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoozea. Aliunganisha mabomba ya shaba kwa moto bila kupitisha naitrojeni ndani, gesi inayozuia shaba isiungue kwa ndani, hakuvuta vakyumu, yaani kutoa hewa na unyevu ndani ya mfumo, kwa muda unaotakiwa, akajaza gesi, akaondoka. Chumba kilipoa vizuri na mteja akashukuru. Miezi miwili baadaye kompresa mpya iliungua, na tulipofungua mfumo tulikuta magamba meusi yameziba valvu ya upanuzi, kijitundu chembamba ambamo gesi hupita kabla ya kupoza, na mafuta yamekuwa na harufu ya asidi. Kompresa nilinunua mimi, samaki nililipa mimi, na mteja yule hakurudi tena.

Mwezi ule ule nilikuwa nimemkataa mwombaji mwingine aliyeleta nusu ukurasa ulioandikwa kwa mkono. Leo ndiye fundi mkuu wa washindani wangu, na wateja wanamtaja kwa jina.

Swali langu ni hili: wenzangu mnaoajiri mafundi, wa fani yoyote ile, mnaupa wasifu uzito kiasi gani, na ni kitu gani hasa mnachokitafuta ndani yake kabla ya kumwita mtu?

Fundi Mstaafu

Mwanangu, pole kwa hasara. Nimefanya kazi ya baridi kwa zaidi ya miaka 30, na katika miaka 12 ya mwisho nilikuwa ndiye ninayewapima mafundi wapya, hivyo nitakueleza nilivyokuwa nikifanya.

Wasifu niliusoma kwa dakika mbili, nikitafuta jambo moja tu: mtu huyu ameshika mashine za aina gani? Aliyeandika "matengenezo ya viyoyozi" hajaniambia kitu. Aliyeandika kwamba alihudumia vyumba vya baridi vya gesi ya R404A kwenye kiwanda cha maziwa, au kwamba alifunga viyoyozi vya R32 kwenye jengo la ghorofa, amenipa mahali pa kuanzia kumuuliza, na kama amedanganya nitamjua kwa swali la pili.

Baada ya hapo nilikuwa na kiyoyozi kimoja cha spliti nilichokifunga ukutani karakanani kwa ajili ya usaili peke yake. Feni ya nje inazunguka, lakini kompresa inaguna sekunde chache kisha inajikata. Ubovu wenyewe ni mdogo: kapasita ya kompresa, yaani kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme na kuisaidia kompresa kuanza kuzunguka, imeandikwa mikrofaradi 35 (kipimo cha uwezo wake), ukiipima inatoa 9. Nilimwambia mwombaji kwamba mimi ni mteja na kiyoyozi changu hakipoozi, kisha nikakaa kimya kwenye kiti.

Wengi waliokuja na vyeti vizuri walikwenda moja kwa moja kuunganisha geji za kupimia presha ya gesi na kuniambia gesi imekwisha, kwa sababu huko mitaani kila kiyoyozi kisichopooza huhesabiwa kuwa kimekwisha gesi. Wengine walisikiliza mguno ule wakatangaza kwamba kompresa imekufa, jambo ambalo lingemgharimu mteja mamia ya maelfu ya shilingi kwa ubovu wa kifaa cha bei ndogo. Fundi niliyemtaka aliniuliza kwanza tatizo lilianza lini na kama umeme wa nyumba hii hupanda na kushuka. Kisha alizima swichi kuu, akapima kuhakikisha hakuna umeme, akaifyonza kapasita chaji iliyobaki kabla ya kuigusa, ndipo akaipima. Pale kwenye kuifyonza chaji ndipo nilipokuwa nikimtazama zaidi, kwa kuwa asiyejihurumia mwenyewe hawezi kuhurumia mali ya mteja.

Kwa kazi yako ya vyumba vya baridi ongeza jaribio moja. Mpe vipande viwili vya bomba la shaba, mtungi wa naitrojeni uwe pale pembeni lakini usimtajie, mwambie aviunganishe kwa moto. Akimaliza, mpongeze, acha bomba lipoe, kisha ulipasue kwa msumeno kwa urefu. Aliyepitisha naitrojeni, ndani utakuta shaba inang'aa kama ilivyotoka dukani. Asiyepitisha, utakuta weusi unaobanduka kwa ukucha, na hayo ndiyo magamba yaliyokuunguzia kompresa. Kijana wako wa kurasa nne ungemjua kwa robo saa.

Afisa Ajira

Ninamheshimu sana mzee aliyetangulia na ninakubaliana naye kuhusu jaribio la vitendo, lakini ningependa kuutetea wasifu kidogo, kwa sababu nimeona waajiri wakiutupa kabisa na kuishia kuajiri ndugu na marafiki wa mafundi walionao, wakidhani wameajiri ujuzi.

Huwezi kuwaita watu 41 karakanani. Lazima uwe na namna ya kuwapunguza, na namna hiyo iwe moja kwa wote. Kabla hujaanza kusoma, andika mambo matatu au manne ambayo kazi hii haiwezi kufanyika bila hayo, kisha soma kila wasifu ukitafuta mambo hayo tu. Mengine, kama mwandiko mzuri, rangi, picha na idadi ya kurasa, yapite bila kuyahesabu. Aliyeleta nusu ukurasa kwa mkono angepita kwenye chujio hilo kama aliandika mashine alizozishika.

Pili, kuna mambo ambayo mikono haiwezi kuyathibitisha. Kama fundi wako atafunga nyaya za umeme za chumba cha baridi, kazi ya ufungaji umeme hapa Tanzania inahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na hata awe hodari namna gani, asipokuwa nayo, au asiposimamiwa na mwenye nayo, ni wewe utakayeulizwa siku moto ukitokea. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nacho kinaweza kuhakikiwa kwa waliokitoa. Hakiki, tafadhali. Wadhamini walioandikwa mwishoni wapigie simu, na usiulize kama fulani ni mtu mzuri, kwa kuwa utajibiwa kwamba ni mzuri. Uliza ni kazi gani ya mwisho alimkabidhi bila kumsimamia, na kama angekuwa na nafasi leo angemrudisha.

Tatu, na hili naliandika kwa msisitizo. Wasifu nyingi za kwetu bado zinabeba dini, kabila, umri, hali ya ndoa na picha ya mwombaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, kabila, umri au hali ya ndoa, na inamlinda hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Usidhani macho yako ni mizani. Mwaka 2004 huko Marekani, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti ambao ndani yake walituma wasifu za kubuni karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, zikiwa na sifa zinazolingana lakini zikitofautiana kwa majina. Zilizokuwa na majina yanayofahamika kuwa ya Wazungu zilijibiwa na waajiri kwa takriban asilimia 50 zaidi ya zile za majina ya Wamarekani weusi. Waliozisoma walikuwa waajiri wa kawaida kama wewe na mimi. Mwombe mtu mmoja ofisini azibe majina na picha kabla hujaanza kusoma. Ni kazi ya saa moja, na katika fani yenu ambayo mabinti ni wachache, inaweza kukupa fundi ambaye ungempita.

Mwandishi wa Programu

Ninaongoza timu ya waandishi wa programu za kompyuta, si mafundi wa baridi, lakini tatizo ni lile lile, nasi tumelipitia kwa machozi.

Kuna takwimu ambazo zingemsaidia mwanzisha mada. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, wakazipa kila njia kipimo ambacho 0 maana yake ni kubahatisha na 1 ni kutabiri bila kukosea. Miaka ya uzoefu ilipata 0.18, na miaka ya kukaa shuleni 0.10. Jaribio la kazi yenyewe lilipata 0.54. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake waliyarekebisha mahesabu hayo wakaona mengi yalikuwa yamekuzwa, jaribio la kazi likashuka hadi 0.33, na usaili wenye maswali yale yale kwa kila mwombaji ukashika nafasi ya kwanza kwa 0.42. Miaka ya uzoefu iliendelea kubaki chini sana. Sasa tazama wasifu wa kawaida unatuonyesha nini: miaka ya uzoefu na miaka ya shule, yaani mambo mawili yaliyo miongoni mwa yanayotabiri kwa udhaifu zaidi.

Kwa hiyo kile kiyoyozi cha mzee ni hazina, lakini ninamwomba mwanzisha mada aongeze karatasi ya alama. Kabla mwombaji wa kwanza hajaingia, andika alama za kila hatua: kuuliza mteja, kuzima umeme, kufyonza chaji, kupima, kueleza alichokiona. Kwetu, kabla hatujawa na karatasi hiyo, tulikuwa tukimpa alama za juu yule tuliyecheka naye.

Fundi wa Mtaani

Nimesoma maelezo yote na yamenigusa, kwa kuwa mimi ni miongoni mwa hao wanaotuma wasifu zenye sentensi moja. Naomba niwaeleze inavyokuwa.

Ujuzi wangu niliupata kwa mzee mmoja aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza friji. Nilikaa naye miaka minane, nikianza kwa kubeba mitungi na kufagia. Hakuna siku alinipa karatasi, wala mimi sikuwahi kuiomba, kwa sababu kazi yenyewe ndiyo ilikuwa shahada. Alipofariki nikaanza kutafuta ajira, nikaenda steshenari kuchapiwa wasifu. Binti wa pale aliniuliza jina, umri na shule niliyosoma, akafungua wasifu wa mtu mwingine kwenye kompyuta, akabadilisha jina, akachapa. Ile sentensi ya usimamizi mdogo na shinikizo kubwa ilikuwa humo tayari. Miaka minane ya kufungua kompresa haikuandikwa popote, kwa kuwa fomu yake haikuwa na mahali pa kuiweka.

Baadaye niliambiwa kwamba VETA wanao utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza kazini na kuwapa cheti bila kuwarudisha darasani miaka miwili. Nilikwenda, nikapimwa kwa vitendo, nikapata. Tangu siku hiyo nimeitwa kwenye usaili mara nyingi kuliko miaka yote ya nyuma, ilhali mikono ni ile ile. Mwajiri akitaka kutuona sisi, tangazo lake liseme wazi: andika mashine tano ulizozitengeneza, ubovu uliokuwepo na ulichokifanya. Hayo tutayaandika hata kwa kalamu.

Mwenye Karakana (mwanzisha mada)

Shikamoo mzee, na nawashukuru nyote. Kaka wa mtaani, maneno yako yamenirudisha kwenye zile wasifu 17. Nimewapigia simu wote leo mchana na kuwauliza hizo mashine tano. Tisa walijibu bila kusita, na wawili kati yao wametaja ubovu ambao mimi mwenyewe nimekutana nao mara moja tu maishani. Jumamosi nawaita saba, kutoka kwa hao 17 na kwa waombaji wengine. Karatasi ya alama nimeshaichora, na kapasita mbovu ninayo.

Nina swali dogo lililobaki. Jaribio lote litachukua kama saa tatu, na wengine wanatoka mbali, Mbagala na Chanika. Je, ni sahihi kuwalipa?

Fundi Mstaafu

Marahaba. Walipe nauli ya kuja na kurudi na chakula cha mchana, wote, na uwape kabla hawajaanza, ili asiyepata kazi asiondoke akihisi kwamba umemlia riziki yake. Na usiwape kazi ya mteja kuwa ndiyo jaribio. Nimeona mahali ambapo waombaji kumi walifanyishwa kazi halisi ya siku nzima bure kwa jina la usaili, na hakuna hata mmoja aliyeitwa tena. Tumia kiyoyozi chako mwenyewe. Kama huna cha kufunga ukutani kabla ya Jumamosi, kile changu bado kipo stoo, tuma gari Ijumaa.