Naomba ushauri: Forodhani usiku na mtoto mwenye mzio wa kamba

Mama_Wawili:
Habari za jioni wanajamvi. Mwezi ujao tunavuka na boti kwenda Unguja, mimi, mama yangu mzazi na binti yangu wa miaka tisa. Mama ana ombi moja tu, nimpeleke bustani ya Forodhani, kwenye soko la chakula la usiku, ale pweza. Wasiwasi wangu ni binti: akila kamba au kaa midomo inavimba na pumzi zinabana. Kwenye picha naona kila kitu kimepangwa meza moja. Halafu wakisikia lafudhi ya bara si watanipiga bei? Nimwache hotelini na mtu?

Kijana_wa_Malindi:
Karibuni dada, na usimwache. Fikeni kabla ya magharibi, wauzaji ndiyo wanapanga meza, watu bado wachache, na mtoto atawaona vijana wanavyojirusha baharini kutoka ukutani. Zungukeni bustani nzima kwanza bila kununua. Bei ulizia kijiti kimoja kimoja kabla hakijawekwa kwenye moto. Ukisema tu "nichanganyie", bili inapandia hapo. Akisita kutaja bei, pita, meza ziko nyingi.

Mpishi_Ng'ambo:
Napika kwa kazi, kwa hiyo nizungumzie mzio. Tafadhali, mtoto asile chochote kilichochomwa kwenye meza ya vitu vya baharini, hata mshikaki wa ng'ombe. Wavu ni uleule, koleo lilelile. Piza ya Zanzibar, ile chapati nyembamba ya kukunjwa na kukaangwa, nayo vivyo hivyo: anayekukaangia ya nyama ya kusaga na yai ndiye anayekaanga ya kamba, kwenye chuma kimoja. Muhogo wa kukaanga, uliza mafuta yamekaangia nini. Mlishe ashibe kabla hamjatoka, pale anywe juisi ya miwa iliyokamuliwa mbele yenu kwa ndimu na tangawizi, bila barafu. Na dawa zake ziwe kwenye mkoba wako, zisibaki hotelini.

Bahari_Yetu:
Kuna watu watakwambia usiguse samaki wa pale kabisa. Mimi sikubaliani nao. Ni kweli vingi vya mezani vimeshapikwa, pale vinapashwa tu. Lakini pweza lazima achemshwe kwanza ndipo alainike, hiyo siyo kasoro. Mwambie muuzaji ampashe mpaka ndani, mama amle palepale akiwa wa moto. Aliyekauka kingoni au anayenuka, mwacheni.

Mama_Wawili:
Asanteni sana, nimepumua. Na urojo je, ile supu nzito ya Zanzibar? Binti anautamani.

Kijana_wa_Malindi:
Rojo lenyewe ni unga, manjano na uchachu wa embe au ukwaju, halina kamba. Tatizo ni bajia na kachori, zimekaangwa kwenye mafuta gani? Ningekuwa wewe ningemnunulia mchana, vichochoroni Mji Mkongwe, kwa mama anayeuza urojo peke yake. Hapo unamuuliza kwa utulivu na anakujibu. Usiku Forodhani foleni ikishakuwa ndefu, muuzaji hana nafasi ya kukusikiliza.