Prodyuza kafuta wapokezi wote kwenye wimbo wangu wa vugo!!

Jamani wenye kufanya muziki humu nisaidieni maana nitapasuka. Nimetoka Amu (Lamu) na wamama wanne, boti mpaka Mokowe, basi mpaka Malindi, nauli zote juu yangu, kwenda kurekodi wimbo wa harusi wa mtindo wa vugo kwa prodyuza mmoja simtaji. Vugo mwaijua, wanawake wagonga pembe za nyati, mmoja aimba wengine wapokea. Sasa huyu bwana kafuta wapokezi. Wote! Mahali pao kaweka kinanda chacheza melodi ile ile ya mwimbaji, noti kwa noti, na bado chaanza kabla mwenyewe hajamaliza neno. Hilo si jibu, hilo kasuku.

Mimi ile melodi ya kuita niliiacha makusudi yaning'inia, yaishia noti ya tano ya ngazi ya muziki, sikio labaki lasubiri, halafu wale wamama ndio waishushe mpaka noti ya kwanza, maneno machache, mdundo mmoja na ule wa mwimbaji lakini njia nyengine. Baa mbili za kuita, mbili za kujibu (baa ni fungu la mapigo ya muziki, si baa za pombe). Nikamwambia mwimbaji muweke katikati, wapokezi wagawe kushoto na kulia, uwape mwangwi kidogo ijulikane ni watu wengine, akanijibu hiyo ya kizamani, siku hizi watu wataka biti ijae. Ijae nini, ni pakacha? Hata blues ya Marekani, katika baa nne mwimbaji achukua kama mbili, zilobaki gita lamjibu. Lile pengo ndio wimbo wenyewe bana, yeye kalishindilia hai-hati, yale matoazi ya ngoma!

Na pembe kazinyoosha kwenye gridi, ile mistari ya mapigo ya kompyuta, kama gwaride la askari, wakati utamu wake ni vile zachelewa kidogo.

Shangazi yangu kasikiliza jana barazani, katulia mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na sisi tuko wapi?" Nikakosa pa kuuweka uso.

Nimemuomba yule bwana sauti zikiwa mbichi nizipeleke kwengine, asema niongeze elfu tano. Yani niinunue sauti ya shangazi yangu?? Harusi Ijumaa. Mwenye studio Malindi au Mombasa ajuaye kuacha pengo anijibu hapa hapa, wamama wako tayari na pembe ziko.