Wachanga wanane, walezi wawili: moto ukitokea tunawatoaje?

Mama Kituo
Habari za humu, wadau. Nina kituo cha kulelea watoto mchana. Wale wa miaka mitatu na minne hawanipi shida. Ukiwaambia shikeni kamba tutoke, wanatoka. Kichwa kinaniuma kwa chumba cha wachanga. Wako wanane, hakuna hata mmoja anayetembea, na walezi wao ni wawili. Mkaguzi alipokuja aliutazama mtungi wa kuzimia moto ukutani, akajaza fomu, akaaga. Sasa mimi najiuliza, kila mlezi akibeba wawili, wale wanne wanabaki na nani?

La pili: nimetangaza kwamba tutafanya mazoezi ya kujiokoa, mzazi mmoja akaja juu kuwa tutawatia watoto hofu. Naombeni ushauri. Tafadhali msiniambie nibandike namba za dharura, zipo.

Zimamoto Mstaafu
Dada, huo mtungi usikupe usingizi. Mtungi mdogo ukiufungua hata nusu dakika haumalizi, umekwisha. Ni wa moto mdogo unaoanza, na anayeushika awe na njia ya kutokea nyuma yake. Penye watoto, kazi ya kwanza ni kuwatoa.

Kwa wachanga tafuta kitanda imara chenye magurudumu, cha kulaza wanne au watano kwa pamoja, ukisukume. Ila kabla hujanunua, chukua futi upime mlango! Nimekagua vituo vyenye vitanda vizuri sana visivyopita mlangoni. Angalia na kizingiti. Chumba chao kiwe chini, kisiwe ghorofani, na kama jengo linaruhusu kiwe na mlango wa kutokea nje moja kwa moja. Mbeleko nazo ziwe karibu: mtoto mmoja kifuani, mikono inabaki huru.

Halafu wajue majirani zako wanahifadhi nini. Juni 5, 2009, mjini Hermosillo, Meksiko, moto ulianzia kwenye ghala lililopakana na kituo cha watoto kiitwacho ABC. Ilikuwa mchana, saa ya watoto kulala. Walikufa 49. Walezi walikuwepo, tatizo likawa njia ya kutokea, hadi watu wakabomoa ukuta kwa gari.

Mtu wa Watu
Mama, la muhimu ni kumwomba Mungu tu.

Mama Kituo
Tumeomba, kaka. Sasa tunapima mlango.

Baba Mapacha
Mimi naongea kama mzazi. Huyo mwenzetu msimlaumu, huenda anawaza ving'ora na watu wakipiga kelele. Mwambieni mapema mtakachofanya. Wanangu wanatolewa nje kwa wimbo, wakirudi nyumbani wanatufundisha sisi kutambaa chini ya moshi. Wanaohofu ni sisi wakubwa. Ila walezi msiwaambie siku wala saa, wastukizwe.

Mlezi wa Zamani
Baba Mapacha, hapo kwenye kustukiza napingana nawe kidogo. Mlezi asiyejua njia ukimstukiza atababaika, na watoto wanasoma uso wake. Mara za mwanzo watangaziwe. Wakishazoea, badilisha saa. Nachoshwa na vituo vinavyofanya mazoezi kila mara asubuhi, wote wamevaa viatu na wamejipanga. Fanyeni wakati wamelala, au mlezi mmoja akiwa chooni. Siku nyingine ziba mlango mkuu uone watapitia wapi.

Kuhusu wale wanne: mpishi au mtu wa ofisi apangiwe chumba cha wachanga kwa jina, na awepo wa kushika nafasi yake siku akiwa likizo. Ukisema "yeyote aliye karibu atasaidia", usimtegemee mtu.

Nesi wa Zamu
Mnazungumzia kutoka tu. Je, mkishatoka? Mtoto wa miezi sita hawezi kusema jina lake. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, Marekani, watoto zaidi ya 5,000 waliripotiwa kupotea au kutengana na familia zao, na kuwaunganisha wote kulichukua miezi. Wekeni mkoba karibu na mlango: daftari la mahudhurio la siku hiyo, kadi ya kila mtoto yenye picha na watu wanaoruhusiwa kumchukua, na utepe wa mkononi wa kuandika jina. Simu moja iwe ya ndugu aishiye mbali, maana janga likikumba eneo zima, baba na mama wote wanaweza wasipatikane.

Dawa za wenye pumu na kifafa ziingie humo, pamoja na maziwa ya kopo, chupa safi na nepi. Mkilazimika kubaki ndani, maji ni kama lita 4 kwa mtu kwa siku, ya siku tatu.

Mama Kituo
Nimepima, kitanda kinapita, ila kizingiti lazima kisawazishwe. Swali: mlango wa nyuma tunaufunga kwa kufuli, kwa sababu kuna mtoto mmoja mtundu anatoroka. Nifanyeje?

Zimamoto Mstaafu
Kufuli ondoa leo. Weka komeo juu, asikofika mtoto, linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo. Madirisha yenye nondo nayo, angalau moja kwa kila chumba liwe na bawaba lifunguke. Na mkitoka, mlezi wa mwisho akishahakikisha chumba ni kitupu, afunge mlango. Unachelewesha moshi na moto.

Msomaji Kimya
Na tetemeko? Si tunakimbia nje vilevile?

Zimamoto Mstaafu
Hapana. Ardhi ikitikisika hukimbii, vitu vinaanguka. Watoto wakubwa waingie chini ya meza na kuishikilia. Wachanga mlezi awakinge kwa mwili wake, mbali na vioo na makabati. Mtatoka mtikisiko ukikoma. Kwa hiyo makabati yafungwe ukutani, na vitanda visikae chini ya rafu.

Mama Kituo
Asanteni sana. La mwisho: mahali pa kukutania nimewaza uwanja wa ng'ambo ya barabara.

Mlezi wa Zamani
Usivushe watoto barabara magari ya zimamoto yakiwa yanaingia. Tafuta pa upande wako, mbali na jengo, na hesabu idadi hapohapo kwa daftari. Huo uwanja uwe wa pili, kama upande wenu wote hautakalika.