Tupeane uzoefu: walioacha pombe kwa kuongea na mnasihi kwa simu

Mwanzisha mada, Ngamiani
Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 26, dereva wa bajaji hapa Tanga. Nilianza na viroba, ile pombe kali ya vifuko, nikiwa shuleni. Vilipopigwa marufuku Machi 2017 nikahamia chupa ndogo. Mwaka jana nilipindua bajaji ya tajiri wangu, abiria akavunjika mkono. Kliniki niliona haya, maana mji huu ukionekana kwenye benchi asubuhi, jioni mtaa mzima unajua. Dada akanitafutia mnasihi wa simu, kila Jumatano saa 2 usiku. Chumba cha kupanga, ukuta haufiki dari, kwa hiyo naenda kuegesha Raskazone ndiyo napiga.

Siku ya kwanza aliniuliza: kuanzia 0 hadi 10, uko tayari kuacha kiasi gani? Nikasema 4. Akauliza, mbona hukusema 1? Nikaanza kumweleza habari za mama, na yule abiria, nikalia. Sikuwahi kujisikia nikizitaja sababu zangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nina miezi mitano sasa bila pombe.

Mdau, Chumbageni
Hongera sana kaka. Mimi ni binti wa miaka 23, nyumbani hakuna anayejua. Mnasihi alinijazisha dodoso la kupima unywaji, AUDIT la Shirika la Afya Duniani, maswali 10. Ukifika alama 8 tayari unywaji wako una hatari. Nilipata 17. Nilikuwa najidanganya "bia mbili tu", kumbe chupa ya mililita 500 ina karibu gramu 20 za kileo, sawa na vipimo viwili vya kawaida vya pombe.

Nilirudia kunywa mara moja, nikakaribia kumkimbia mnasihi. Hakunigombeza. Aliuliza ilikuwa saa ngapi, na nani, moyo ulikuwaje. Tukagundua nakunywa kila nikitoka kugombana na baba, wala si kwa sababu ya marafiki. Tulikuwa tunaandikiana ujumbe, mama asisikie.

Mdau, Makorora
Mimi mtandao ulinikatisha tamaa. Naanza kufunguka, simu inakata. Tulipoacha video tukabaki na sauti, ikatulia.

Mdau, Muheza
Wadogo zangu, hili naliomba kwa uchungu. Mdogo wangu alikuwa mtu wa gongo kila siku. Akaacha ghafla, kwa nia njema kabisa. Siku ya pili akaanguka degedege, usiku akaweweseka anaona watu ukutani. Tulimkimbiza hospitali, akapona, na unasihi wa simu ukafuata baadaye. Kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kidogo, usijiachishe peke yako. Muone daktari kwanza, hospitali ya Bombo au popote palipo karibu.

Mwanzisha mada, Ngamiani
Shikamoo dada wa Muheza, na asante. Kuna jirani yangu anatetemeka hivyohivyo, kesho nampeleka mwenyewe. Na wewe wa Chumbageni, huo ujumbe alikuwa anakujibu papo hapo? Mvua zikianza Raskazone hapakaliki.