Tupeane uzoefu: ulikwenda kutazama Rocky Horror jukwaani, ukajikuta na wewe umo mchezoni?

Mleta uzi

Wadau, nafungua uzi huu sauti ikiwa imekauka. Jana usiku nimetoka kuona The Rocky Horror Show. Si filamu, ni mchezo wenyewe wa jukwaani, wa nyimbo na vichekesho vya kutisha, unaochezwa na kikundi cha watu ambao mchana ni walimu, mafundi na wahasibu. Nilikaa safu ya tatu pembeni, mikono kifuani, nikijua nimekuja kutazama tu.

Taa hazijazima vizuri, akapita dada mmoja na sinia la aiskrimu limening'inia shingoni, kavaa kama mhudumu wa sinema. Nikanyoosha mkono ninunue. Akanitazama, akanikonyeza, akapanda jukwaani akaanza kuimba. Kumbe ndiyo ufunguzi wenyewe! Mchezo huanza na mhudumu wa sinema anayezisifu filamu za zamani za kutisha na za viumbe wa anga. Jamaa wa nyuma yangu alinigonga bega kunipa pole huku machozi ya kicheko yakimtoka.

Halafu wakaja Brad na Janet, wachumba waliopatwa na pancha usiku wa mvua, wakaenda kuomba simu kwenye ngome ya daktari mmoja wa ajabu, Frank-N-Furter. Kila Brad akijitambulisha, ukumbi unamtupia tusi lilelile kwa sauti moja. Janet naye ana la kwake. Mwanzoni nikasema hawa watu hawana adabu. Baada ya robo saa nikaona hapana, wanajua mhusika anavuta pumzi wapi, na wanapenyeza neno lao hapohapo bila kumkata kauli. Ni paukwa na pakawa, ila pakawa yenyewe ina matusi.

Haya, mwageni na ya kwenu.

Msimuliaji

Mkuu, mimi nimewahi kukaa upande wa pili. Niliigiza Msimuliaji, yule mzee wa suti anayeingia na kitabu kikubwa kueleza mambo kwa uzito. Huyo ndiye anayeonewa kuliko wote, kwa sababu anaongea taratibu na kila nukta yake ni mlango wazi.

Kwenye mazoezi mwongozaji aliwaketisha wenzangu viti vya mbele wanizomee, nizoee. Haikusaidia kitu. Wenzako wanakuzomea kwa huruma. Hadhira iliyolipa kiingilio haina huruma.

Nilichojifunza ni kusubiri. Kelele ikipanda, nyamaza. Ikianza kushuka, sema. Ukiwahi, maneno yako yanamezwa. Ukichelewa, anaingia mpiga kelele wa pili na huyo kwa kawaida ni mkali kuliko wa kwanza. Mambo haya yanahesabiwa kwa nusu sekunde, na kila usiku hesabu inabadilika.

Usiku wa pili nilikohoa. Kikohozi cha kweli, vumbi la mapazia. Mzee mmoja safu ya pili akapaza sauti: "Mpeni maji, asije akafa kabla hatujajua mwisho!" Ikabingirika chupa ya maji hadi miguuni kwangu. Nikaiokota, nikanywa yote polepole, nikafuta mdomo, nikafungua kitabu na kuendelea. Ukumbi ulilipuka. Usiku wa tatu nilipofika mstari uleule, watu ambao sikuwahi kuwaona wakakohoa kwa niaba yangu, na chupa ikaja. Hadi wiki inaisha, kikohozi kilikuwa sehemu ya mchezo.

Nadhani hata kelele hizi za watazamaji zinazojulikana duniani kote zilizaliwa hivyohivyo. Filamu yake ilitoka 1975 ikafanya vibaya, kisha Aprili 1976 sinema ya Waverly pale New York ikaanza kuionyesha saa sita za usiku. Inasimuliwa kwamba mtazamaji mmoja alichoka kumwona Janet akijifunika gazeti kwenye mvua, akamfokea akanunue mwavuli. Wengine wakacheka, wakarudi wiki iliyofuata na ya kwao.

Fundi jukwaa

Naomba niseme jambo kuhusu mchele.

Filamu yake ikionyeshwa, watazamaji hurusha mchele pale kwenye harusi, hupuliza maji ya bastola za kuchezea kwenye mvua, hutupa na mikate iliyochomwa. Sawa, pale mbele ni turubai jeupe, haliwezi kuteleza. Jukwaani kuna binadamu amevaa viatu vya visigino virefu kama kalamu, anacheza. Mchele juu ya mbao zilizopakwa rangi ni gololi. Maji nayo, chini kuna nyaya na kila mwigizaji kafungwa kipaza sauti mwilini. Ndiyo maana kumbi nyingi hupiga marufuku vitu hivyo mlangoni, wala si kwamba tumenuna.

Kwetu tangazo lilibandikwa na bado mtu akapitisha mchele ndani ya soksi. Frank wetu aliukanyaga akiwa anageuka, mguu mmoja ukaenda zake. Akamalizia chini kwa msamba na mkono juu, bila kuacha noti hata moja. Watu wakasimama kumpigia makofi wakidhani ni staili. Nyuma ya pazia tulimfunga goti kwa kitambaa, akarudi kipindi cha pili akichechemea kwa madaha.

Leteni magazeti. Magazeti ruksa. Nitayaokota mwenyewe.

Mkwe mwema

Mimi nilimpeleka mama mkwe. Msinicheke. Mke wangu aliugua ghafla, tiketi mbili ziko mezani, mama akasema "si ni muziki tu, twende."

Frank alipovua joho akabaki na koseti, ile nguo ya kubana kiuno, na soksi ndefu za wavu, nilitamani kiti kinimeze. Sikugeuza shingo. Nilitazama mbele kama askari wa gwaride muda wote. Ilipofika mwisho wakarudia ile ngoma ya Time Warp, ambayo Msimuliaji anakuelekeza hatua zake moja moja, ruka kushoto, piga hatua kulia, mikono kiunoni, watu wote wakasimama. Mama akasimama. Ikabidi nisimame. Kuna hatua moja ya nyonga pale, wanaoijua wanaijua. Mimi na mama mkwe tuliipitisha kwa kukohoa na kutazama dari.

Njiani alikaa kimya mpaka karibu tunafika. Kisha: "Baba, ile koseti imeshonwa na mtu mwenye haraka. Mshono wa ubavuni unavuta." Mama ni fundi cherehani, muda wote ule alikuwa anatazama mishono! Siku hizi maleba ya kile kikundi anayashona yeye, na mimi ndiye ninayempeleka kwenye mazoezi.

Safu ya nyuma

Rocky Horror nimeuona kwenye ukumbi mkubwa na kwenye mdogo. Mdogo unashinda. Mchezo ulizaliwa hukohuko kwenye udogo: Juni 1973, London, chumba cha juu cha ukumbi wa Royal Court, viti 63. Ulipopelekwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, 1975 ulifungwa baada ya maonyesho 45, wakati London uliendelea hadi 1980.

Ila kuna kero moja. Karibu na mwisho Frank ana wimbo wa kuaga, wa taratibu, na wazoefu wote hunyamaza. Nilikaa karibu na mlevi aliyejifunza kupiga kelele lakini hakujifunza kunyamaza. Bibi mmoja aliyevaa mabawa meusi alimgeukia akamwekea kidole mdomoni. Mdomoni mwa yule mlevi, si mwake.

Ndani ya mmea

Wangu si huo, ni binamu yake: Little Shop of Horrors, ule wa mwaka 1982 wenye mmea unaokula watu. Sauti ya mmea huimbwa na mtu aliyejificha pembeni, na mwingine anakaa ndani ya mdomo kuuchezesha. Wa ndani nilikuwa mimi.

Humo huoni kitu. Ni giza, joto, na harufu ya gundi. Unafungua taya kwa mgongo na mikono ukifuata pumzi za mwenzako unayemsikia tu. Usiku mmoja aliruka beti nzima. Nikabaki nimefungua domo, hakuna sauti. Mtoto mmoja akasema kwa sauti ya wazi kabisa: "Umeshiba."

Nikafunga domo taratibu, nikacheua. Mwenzangu akapata nafasi ya kurudi kwenye mstari.

Mleta uzi

Nimecheka hadi mbavu. Mkwe mwema, mwambie mama naomba anitazamie joho langu, pindo limefumuka. Jumamosi narudi, gazeti ninalo tayari, na yule dada wa aiskrimu safari hii simnyooshei mkono.