Naombeni ushauri: nabeba dhahabu ya marehemu mama kwenda Maskati, niilindeje njiani?

Binti Segerea

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu.

Mdogo wangu anaolewa Maskati mwezi ujao, na familia imenikabidhi mimi nimpelekee dhahabu ya marehemu mama yetu: bangili sita, kidani, na jozi mbili za vipuli. Mama aliusia kwamba atakayeolewa wa mwisho ndiye azichukue. Bangili moja imebonyea kwa ndani. Aliibamiza kwenye karo akiosha mchele, mimi nikiwa darasa la tatu, na hakukubali sonara ainyooshe. Nawaambia haya mjue kwamba hapa si suala la gramu.

Kinachoninyima usingizi ni yaliyonikuta safari iliyopita. Nilipanda ndege za kuunganisha, begi kubwa nikalikabidhi kaunta likiwa na kufuli. Nimelipokea kwenye mkanda, kufuli ipo vilevile, sikutilia shaka chochote. Nafika nyumbani nafungua: simu mpya niliyomnunulia mwanangu haipo. Boksi lake lipo, limefunikwa vizuri, chaja imo ndani, simu hakuna. Nilipopiga kulalamika nikaulizwa mbona sikusema uwanjani, na tangu hapo ni kuzungushwa tu. Viwanja vilikuwa vitatu, sijui ni kipi, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole.

Safari hii naondokea Jengo la Tatu la uwanja wa ndege hapa Dar. Shangazi anasema nivae zote. Kaka anasema nizifukie katikati ya nguo kwenye begi kubwa, nilizungushie nailoni. Wenye uzoefu nisaidieni. Natanguliza shukrani.

Mpakiaji Mstaafu

Pole sana dada yangu, na pole kwa kumpoteza mama.

Nimefanya kazi ya kupakia mizigo ndegeni miaka kadhaa. Nakuomba kitu kimoja: muite kaka yako, mfanye jaribio hili hapo nyumbani. Chukueni begi la zipu, mlifunge kufuli. Kisha chukueni kalamu ya wino ya kawaida, mbonyeze ncha yake katikati ya meno ya zipu. Meno yanaachana, na ukisukuma kidogo unapata nafasi ya kupitisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Ukimaliza, shika vile vishikio viwili vilivyofungwa pamoja na kufuli, vivute mpaka mwisho wa zipu kisha uvirudishe. Meno yanakamatana upya kama hayajaguswa. Kazi yote haifiki dakika mbili. Ndiyo maana uliikuta kufuli yako salama salimini.

Zile kufuli zilizoandikwa TSA zina ufunguo mkuu wa wakaguzi wa Marekani. Picha ya funguo hizo ilitoka gazetini huko huko Marekani mwaka 2014, na mwaka uliofuata watu wakawa wanazichonga kwa printa za 3D. Kwa hiyo kufuli ni ya kuzuia begi lisijifungukie njiani, usiitegemee zaidi ya hapo.

Nailoni ina faida yake, siipingi. Mwenye haraka ataliruka begi lako aende kwa jirani, na ikichanwa utaona palepale. Lakini mkaguzi akiona kitu asichokielewa ana haki ya kuichana, na kuanzia hapo begi linasafiri wazi. Na bangili hata uzizungushie kanga kumi, kwenye skena zinaonekana duara sita nyeusi tii. Mwambie kaka hapana.

Mtaa wa Kongo

Namuunga mkono mkuu hapo juu, ila watu wakishajua begi la chini ya ndege si salama wanadhani la mkononi liko peponi. Mimi nafuata mzigo Guangzhou tangu 2011, hela zote ziko kwangu. Humo humo ndani ya ndege kuna wezi wanaokata tiketi kama sisi. Taa zikizimwa na watu wakalala, mtu anasimama, anafungua kabati la juu, anashusha begi lisilo lake, analipekua taratibu kana kwamba anatafuta sweta, analirudisha. Polisi wa Hong Kong wamewahi kutoa tahadhari juu ya hilo hilo.

Kilicho cha thamani kiwe kwenye mkoba mdogo, chini ya kiti cha mbele yako, kamba yake umeivingirisha mguuni. Begi la mkononi ukiliweka juu, liweke upande wa pili wa njia, mbele kidogo, ili ulione bila kugeuza shingo. Likiwa juu ya kichwa chako hulioni. Zipu ielekee ndani.

Msalani nenda na mkoba. Usimwachie jirani hata kama mmepiga stori njia nzima.

Bi Mkubwa Ilala

Mwanangu Binti Segerea, Mungu amrehemu mama yako. Shangazi yako ana nia njema ila anisikilize na mimi kidogo.

Ukizivaa zote, kwenye lango la ukaguzi mashine itapiga kelele, wakwambie uvue. Utazivua mbele ya foleni, uziweke kwenye trei ya wazi pamoja na mkanda na viatu vya watu, trei iingie, halafu wewe uzuiwe upande wa huku ukipapaswa. Dhahabu ya mama yako inakusubiri kule peke yake. Mimi nilipoteza saa ya mkononi namna hiyo, dakika ile ile mkaguzi aliponirudisha nikavue viatu.

Fanya hivi. Kabla hujafika kwenye foleni, kila kitu kiwe ndani ya kipochi, kipochi ndani ya mkoba, mkoba umefungwa. Usiuachie mkanda mpaka njia ya lango iwe wazi na wewe ndiye unayefuata. Usukume kwa mkono wako mpaka umezwe na mashine, ndipo upite. Wakitaka kukagua kilichomo, waombe kwa adabu mkakague chumba cha pembeni, na wewe ukiwepo. Una haki ya kuomba. Na kumbuka pale kwetu kuna ukaguzi mlangoni kabisa, kabla hata ya kaunta, halafu tena huko ndani. Kwa hiyo zoezi hili utalifanya mara mbili, usije ukachoka mara ya pili.

Bangili moja vaa kama unataka. Ile iliyobonyea.

Hakimu wa Kijiweni

Nizungumzie upande wa haki, maana hapo wengi tunaumia kwa kutojua.

Tanzania imo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa unaohusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo yao. Kwa begi ulilokabidhi, shirika linawajibika, lakini kuna ukomo wa fidia: tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria (zamani ilikuwa 1,288), kama dola 2,000 hivi. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF. Ukomo ni kwa abiria, uwe na begi moja au matatu. Kama mali inazidi hapo, unaweza kutangaza thamani yake kaunta wakati wa kukabidhi na kulipia ziada watakayokutoza. Wachache sana wanajua. Tena mashirika mengi yanaandika kwenye masharti ya tiketi kwamba vito, fedha taslimu na vifaa vya umeme visiwekwe kwenye mzigo wa kukabidhi, na watakurudishia sharti hilo hilo ukidai.

Begi la mkononi ni habari nyingine kabisa. Hilo shirika linawajibika ikiwa tu kosa ni la kwao au la wafanyakazi wao. Abiria mwenzako akikuibia angani, usitarajie fidia ya shirika.

Sasa yaliyokukuta wewe na ile simu. Kosa lilikuwa kutoka uwanjani. Begi likitoka kwenye mkanda, lipapase na ulifungue kabla hujapita mlango wa nje, hata watu wakikushangaa. Ukikuta pengo nenda dawati la mizigo wakuandikie PIR, yaani ripoti rasmi ya tatizo la mzigo, na uondoke na nakala. Kisha peleka malalamiko kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Ukilipokea bila kulalamika, sheria inachukulia kwamba limefika salama mpaka uthibitishe vinginevyo. Kesi mahakamani ni ndani ya miaka 2.

Stika ya begi usiitupe. Na picha za kila kipande zipige leo, pamoja na risiti ya sonara kama ipo.

Binti Segerea

Wakuu sijui niwashukuru vipi. Lile jaribio la kalamu tumelifanya sebuleni, kaka amenyamaza kimya, halafu akaenda kuangalia mabegi yake yote.

Swali moja. Ndege ikijaa, huwa wanachukua mabegi ya mkononi pale mlangoni pa ndege yakawekwe chini. Hapo inakuwaje?

Mtaa wa Kongo

Swali zuri. Ndiyo maana nilisema mkoba mdogo, tofauti na begi la mkononi. Begi la magurudumu wakilitaka wape. Mkoba wa chini ya kiti hawachukui. Kama kuna kitu cha thamani kimebaki kwenye begi, kiwe kwenye kifuko kimoja unachoweza kukichomoa mara moja, usianze kupekuapekua nguo watu wakikusukuma nyuma. Pauabenki nayo itoe, ni marufuku chini. Ya kuingia nayo ndani bila kibali cha shirika mwisho ni 100 Wh, kwa lugha ya madukani kama mAh 27,000.

Na wizi hauanzii uwanjani. Ukitoka Segerea mpaka ufike uwanjani, kwenye foleni vioo juu, mkoba miguuni. Wakwapuzi wa pikipiki hawachagui. Bajaji siku hiyo usipande.

Mpakiaji Mstaafu

Na usimsimulie mtu. Hapa jukwaani sawa, hatukujui. Lakini dereva, jirani wa siti, yule wa kaunta anayekuuliza kwa upole unaenda kwenye sherehe gani, mjibu unaenda kumsalimia ndugu.

Binti Segerea

Nimeelewa. Leo nimepeleka kipande cha kanga ya mama kwa fundi hapa mtaani, anashona kifuko chenye vyumba viwili na kamba ya kupitisha shingoni, kitakaa ndani ya mkoba na kutoka kwa mkupuo mmoja. Picha nimepiga, kila bangili mbele na nyuma, juu ya karatasi nyeupe yenye tarehe. Ile iliyobonyea nitaivaa, na shangazi ameridhia.

Nikitua nitafungua begi palepale kwenye mkanda, kisha nitaandika hapa.